Matairi ya masika: barua kwa Zuhura

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, na mama anakusalimu sana. Anauliza kama utakuja harusini na hilo gari au utapanda basi kama watu wenye akili zao. Nimemjibu kwamba unakuja nalo. Picha zako tumezitazama sote hapa dukani kwetu kwa matairi, hata baba akatafuta miwani yake. Toyota 86 nyekundu! Hongera mwenzangu, Mungu akuepushe na jicho la watu.

Sasa nije kwenye swali lako. Unasema fundi wako wa Dar amekupa njia mbili. Ya kwanza, ubaki na matairi yaliyokuja na gari kutoka Japani kwa kuwa kashata, yale meno ya mpira usoni mwa tairi, bado ndefu. Ya pili, uweke yale mapana yenye mistari michache, semi-sliki, eti ndiyo yanayofaa gari la michezo. Mimi nasema zote mbili hapana, tena hapana kubwa, kwa sababu unakuja mwezi wa Mei, masika yenyewe. Kiangazi ningekuacha ubishane naye mwenyewe.

Nianze na hayo uliyonayo, maana ndiyo yanayodanganya watu. Nimeikuza picha ya tairi la mbele: ubavuni limeandikwa STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji. Magari si haba yanashushwa bandarini na matairi ya namna hii, na muuzaji hukuonyesha kashata kwa kidole: "Dada, ona, bichi kabisa." Kweli ni ndefu. Lakini iangalie kwa karibu. Kila kipande cha mpira kimetiwa vijistari vyembamba vya kupindapinda, vimesongamana kama mikato ya samaki aliyechanjwa tayari kwa kukaangwa. Vijistari hivyo na mpira wake laini vimetengenezwa kwa ajili ya barafu: kunyonya ule utando mwembamba wa maji ulio juu yake, na kubaki laini hata baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Huko kwao sawa. Ulete mpira huo kwenye lami ya Mkata saa nane mchana, unalegea. Ukikata kona, kashata zinajipinda kwanza, ndipo gari linafuata.

Hapo kwenye mvua ndipo wateja wanaponibishia. Tairi la theluji litashindwaje na maji? Linashindwa kwa sababu maji ya masika si utando. Ni maji yaliyosimama, na yanataka mifereji mipana ya kupitia, wakati tairi la theluji limejaza mpira mwingi mahali ambapo mifereji ingekaa. Ukifunga breki ya ghafla kwenye lami yenye joto iliyolowa, linasimama mbali kuliko tairi la kawaida. Wajapani wenyewe huyavua majira ya baridi yakiisha, sisi ndio tunayasifu.

Halafu kuna zile namba nne za tarehe. Kwenye matairi mengi zinafuata baada ya herufi DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yako yanasomeka 4416, yaani wiki ya 44 ya mwaka 2016. Mpira wa umri huo umeshakauka hata kama haujatembea. Basi tumeyamaliza hayo. Mpe mtu atengenezee bembea ya watoto.

Sasa semi-sliki. Fundi hajasema uongo kwamba yanashika. Yanashika lami kavu, yakishapata joto. Mvua haiyaachi yapate hilo joto, na mifereji yake ni michache, tena kashata inatoka kiwandani ikiwa fupi. Likichakaa kidogo tu, huna mahali pa kupitishia maji. Hayo ni matairi ya mtu mwenye uwanja wa mbio na gari lingine la kurudia nyumbani.

Na upana ndio kabisa. Hebu tupige hesabu kidogo, wewe si mwalimu wa hesabu bwana. Barabara ina maji ya milimita 3, kitu cha kawaida pale malori yalipobonyeza lami. Tairi lenye uso wa sentimita 20 likienda kilomita 80 kwa saa linakutana na lita 13 hivi za maji kila sekunde. Moja tu hilo. Lipanue mpaka sentimita 23, zinakuwa lita 15, na maji yana safari ndefu zaidi kufika pembeni. Uzito wa gari ni ule ule, ila sasa umetandazwa kwenye eneo pana, kwa hiyo tairi linabonyeza maji kwa nguvu kidogo. 86 yenyewe ni gari jepesi, haifiki kilo 1,300. Gari jepesi juu ya tairi pana ndilo linaloanza kuelea mapema.

Nikuchekeshe kidogo. Toyota walipolitoa gari hili mwaka 2012, lile la daraja la juu waliliwekea Michelin Primacy HP ya 215/45R17 (hiyo 215 ni upana kwa milimita), tairi la watu wa kwenda kazini, ambalo lilikuwa likivaliwa na baadhi ya Prius, gari lao la kubana mafuta. Watu wakawacheka. Lakini mhandisi mkuu wake, Tetsuya Tada, alilitaka hivyo hivyo. Hakutaka gari lililong'ang'ania lami, alitaka dereva alisikie gari linacheza hata kwa mwendo wa kawaida. Kwa hiyo mtu akikwambia 215 ni aibu kwa gari la michezo, mwambie waliolitengeneza hawakuona aibu.

Basi ununue nini? Ukubwa ubaki 215/45R17. Utafute tairi la kawaida la barabara, la aina ya michezo au ya starehe, ila lenye daraja la juu la kushika lami iliyolowa. Ulaya tangu Novemba 2012 matairi mapya yanauzwa na kibandiko chenye daraja hilo, na tangu Mei 2021 herufi zake ni A mpaka E. Usichukue chini ya B. Tofauti yake si ndogo: kwa vipimo vya kibandiko cha zamani, kutoka kilomita 80 kwa saa mpaka kusimama, gari lenye matairi ya daraja la juu kabisa liliweza kusimama hadi mita 18 kabla ya lenye daraja la chini kabisa. Mita 18, shoga yangu, ni kama magari manne yaliyopangana mbele yako. Matairi ya Japani yana kibandiko chao tangu 2010, wewe tafuta herufi ndogo: a ndiyo bora, d ndiyo mwisho.

Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, na dukani mara nyingi kimebanduliwa, soma ubavuni neno TRACTION. Hicho ni kipimo cha Marekani: AA, kisha A, B, C. Wanafunga breki kwenye lami na zege vilivyoloweshwa, gari likienda moja kwa moja. Ina maana herufi hiyo haikuambii lolote kuhusu kona, wala kuhusu maji mengi yaliyosimama. Hata kile kibandiko cha Ulaya hupima breki kwenye maji machache. Ndiyo maana mimi baada ya herufi bado natazama tairi lenyewe. Nataka mifereji mitatu au minne mipana inayozunguka tairi zima, na mingine ya pembeni iliyo wazi mpaka ukingoni ili maji yapate njia ya kutokea. Nataka pia kina cha kutosha. Jipya lina milimita 8 hivi. Sheria za Ulaya zinaruhusu mpaka 1.6, na vile vinundu vidogo ndani ya mifereji vimewekwa kwenye kina hicho. Kwa mvua zetu, likifika 3 mimi naliita kipara.

Ukitaka majina, kwa ukubwa huo utapata Michelin Pilot Sport 4, au Continental PremiumContact 6, au Primacy 4 kama unataka lisilopiga kelele na linaloendelea kushika hata likishachakaa. Mimi ningechukua Pilot Sport 4. Baba anasema Primacy, lakini baba anataka kila gari liende kama lake. Bei yake itakuuma, sikufichi. Kama hela haitoshi kwa yote manne, nunua mawili mapya uyafunge nyuma. Usimsikilize anayesema mbele kwa kuwa ndiko kuna usukani. Nyuma ikiteleza kwenye maji gari linageuka, na 86 inasukumwa na magurudumu ya nyuma, itageuka kabla hujamaliza bismillahi. Mbele ikiteleza, angalau ukiachia mafuta linarudi.

Umeuliza pia kama huwezi kupata "wet", yaani matairi ya mvua, kama zile za Formula 1 unazoziona Jumapili. Pirelli, wanaozitengeneza, wanasema zile za mistari ya buluu zinatupa lita 85 za maji kwa sekunde kwenye mwendo wa kilomita 300. Wakati huo huo, njia ikianza kukauka zinapikika na kuchanika mizunguko michache tu. Mvua ya Muheza inanyesha, Pongwe jua kali. Ungefika na ringi tupu.

Jambo moja nakukataza kabisa: kuchonga. Kuna vijana wanakaa na kisu cha moto wanachonga mistari mipya kwenye kipara, na likipakwa rangi nyeusi linang'aa. Linaloruhusiwa kuchongwa ni tairi la lori lililoandikwa REGROOVABLE, kwa sababu kiwanda kilibakiza mpira wa ziada chini. La gari dogo halina mpira huo. Ukichonga unakaribia waya. Mwezi uliopita aliletwa mteja hapa na tairi la namna hiyo, ameuziwa kama mtumba safi. Tulipotia kidole kwenye mstari tukagusa nyuzi.

Sasa upepo, na hapa nisikilize vizuri, maana wengine wanakwambia punguza upepo wakati wa mvua ili tairi lishike. Ni kinyume. Wanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliochunguza matairi ya ndege miaka ya 1960 walipata kanuni ambayo mpaka leo inatumika: mwendo ambao tairi linaanza kuelea kwenye maji mengi unafuata kipeuo cha pili cha upepo wake. Kwa kilomita, chukua kipeuo cha pili cha PSI, ile namba ya upepo unayoisoma kwenye geji, zidisha kwa 16.6. Upepo wa 36 unakupa karibu kilomita 100 kwa saa. Upepo wa 25 unakushusha mpaka 83. Usichukue namba hizo kama ruhusa, kwani tairi la gari dogo lililochoka linaweza kuelea kabla hata ya hapo. Soma kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva, jaza alichosema mwenye kiwanda, na upime tairi likiwa baridi, asubuhi, si baada ya kutoka Kimara kwenye foleni.

Wakati wa kufunga simama hapo hapo, usiende kunywa soda. Kama tairi lina mshale, mshale uelekee linakokwenda gari. Kama limeandikwa OUTSIDE, maandishi hayo yakae nje. Nimeona mshale umegeuzwa na fundi ameshalipwa: mifereji inakusanya maji katikati badala ya kuyatupa pembeni. Fanya balansi na alaimenti siku hiyo hiyo. Kisha kilomita 100 au 150 za mwanzo nenda pole, mpira mpya una utelezi wa dawa ya kiwandani. Kwa hiyo usiyafunge siku ya safari, funga wiki kabla.

Njia unaijua. Mpaka Chalinze una foleni, hakuna cha kukudhuru. Kuanzia Wami mpaka Segera ndipo malori yameacha mifereji kwenye lami, na mvua ikianza ndiyo inayojaa. Usitembeze magurudumu ndani yake, sogea kidogo upande mmoja. Manyunyu ya kwanza baada ya jua yanateleza kuliko mvua kubwa, kwa sababu ya vumbi na mafuta ya magari. Ukisikia usukani umekuwa mwepesi ghafla, achia mafuta taratibu, usifunge breki, ushike usukani ulivyo. Ukikata kulia pale Segera, punguza. Kutoka Hale mpaka Muheza kuna kona na watoto wanaouza machungwa, nao mvua haiwaondoi barabarani. Pongwe malori ya saruji yatakurushia maji kwenye kioo, kwa hiyo badilisha na mipira ya waipa. Hiyo haina gharama.

Kanga za harusi zimeshachaguliwa, yako ninayo. Nipe na saizi ya kiatu. Kabla hujalipa hayo matairi, nipigie picha ya zile namba nne za tarehe kwa yote manne, si kwa moja, na unitumie nikiwa dukani kabla ya saa kumi. Nikisema rudisha, rudisha, hata kama kijana ana maneno matamu.

Wako,
Mwanahamisi