Barua ya malalamiko: fleti ya La Mata na mteja aliyegeuzwa mtu wa usafi

Leeds, Uingereza
14 Oktoba 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Mauzo ya Nyumba za Mapumziko

YAH: MALALAMIKO KUHUSU FLETI YA GHOROFA YA TATU, LA MATA, TORREVIEJA, HISPANIA, PAMOJA NA EURO 3,000 ZANGU

Ndugu Meneja,

Salamu. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho mlichonibembelezea. Tangazo lenu lilikuwa la Kiswahili, kijana wenu alinipigia kwa Kiswahili, "shikamoo mama" yake ilikuwa ya Kiswahili safi, na hela nimezitoa kwa maneno hayo hayo. Malalamiko nayo mtayasoma kwa Kiswahili. Kama hapo ofisini hamkijui, kijana yupo, awatafsirieni. Nitafurahi sana akiitafsiri barua hii yeye mwenyewe, neno kwa neno.

Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, sitawasomea. Euro 3,000 za kishika uchumba mlizipokea tarehe 28 Agosti, risiti ninayo. Mlisema fleti imeondolewa sokoni, hakuna atakayeoneshwa mpaka mimi nifike. Hayo ni maneno yenu, yapo kwenye simu yangu, na sauti pia ipo.

Tarehe 19 Septemba, siku ya Ijumaa, nikafika. Lifti haifanyi kazi. Mzee wangu magoti yanamsumbua, akabaki chini kwenye benchi, nikapanda peke yangu. Kijana wenu alikuwa ndani, anaongea na simu barazani, akanipungia mkono niingie. Nikaanza kukagua. Chini ya dirisha la sebuleni rangi imevimba kama andazi. Mimi ni mtu wa Tanga, nyumba za karibu na bahari nazijua, rangi ikivimba namna ile unajua ukuta umekunywa maji. Nikamwonesha kwa kidole nipanguse nione, akaitikia kwa kichwa. Nikachukua kitambaa jikoni, nikakilowesha, nikapiga magoti, nikafuta. Plasta ikatoka unga mweupe kwenye vidole. Nikaonja. Chumvi.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa wakaingia wateja wengine wawili, mume na mke, Wazungu. Mama yule akanitazama pale chini, akauliza mimi ni nani. Kijana wenu akakata simu, akatabasamu, akajibu kwa Kiingereza kwamba huyu ni wa usafi tu.

Huyu ni wa usafi tu.

Nimejaribu kuandika barua hii mara nne, na kila nikifika hapa mkono unakataa. Ngoja kwanza niseme mengine.

Mwezi wa saba, kabla sijatoa hata senti, nilimuuliza mambo matatu. La kwanza, vyumba. Akasema viwili, mama, wajukuu watalala raha. Niliporudi Leeds nikaagiza mwenyewe mtandaoni hati ya msajili wa milki wa kule, wanaiita nota simple. Inauzwa euro 9 na kodi kidogo juu yake. Euro 9! Miezi miwili namwomba kijana wenu hati hiyo ananijibu "itakuja, mama, Wahispania ni pole pole." Nimeisoma. Chumba kimoja. Mita za mraba 48, wakati tangazo lilisema 62. Hicho mnachokiita chumba cha pili ni baraza iliyozibwa kwa vioo na kuwekwa kitanda. Mjukuu akilala pale jua la Agosti litampika kabla hajaamka.

La pili, ufukwe. "Dakika 5 kwa mguu." Mzee wangu alipopata nafuu tulitembea, saa mkononi, dakika 17. Tano labda kwa wakimbiza Mwenge. Ufukwe wenyewe ni mzuri, siwezi kusema uongo, mchanga umenyooka mpaka macho yanachoka, na maji yametulia. Ndiyo maana inauma.

La tatu, kupangisha. Alisema tukiwa hatupo tutawapangishia watalii na fleti itajilipa yenyewe. Aliyasema hayo Julai mwaka huu. Sheria ya Hispania imebadilika tangu tarehe 3 Aprili 2025. Anayetaka kuanza kupangishia watalii ndani ya jengo la watu wengi anahitaji kwanza kibali cha wamiliki wenzake, kura tatu kwa tano. Hili ninyi, mnaouza nyumba huko kila siku, hamlijui? Mzee wangu amelijua akiwa amekaa kwenye benchi. Ubao wa matangazo pale chini una muhtasari wa mkutano wa wamiliki, akaupiga picha, simu ikamtafsiria. Wamekataa. Karatasi imeanza kupauka kwa jua, kwa hiyo haikubandikwa jana.

Kuna watu wataniuliza kwa nini sikujenga nyumbani. Nimejenga, Pongwe, bati limeshapigwa. Hii ilikuwa ya kitu kingine. Nimefanya zamu za usiku hospitali za huku miaka 21, wajukuu wako hapa hapa, na kutoka Leeds mpaka Alicante, uwanja wa ndege wa kufikia Torrevieja, ni saa mbili na nusu au tatu hivi kwa ndege. Tulihesabu hata siku zetu. Pasipoti zetu ni za Uingereza, na tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya hatuwezi kukaa huko zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Tulipanga Novemba na Desemba, baridi inapoanza kumkamata mzee, kisha turudi tena huko Machi kwa siku zitakazobaki. Tulishachagua mpaka mapazia.

Sasa narudi kwenye ile siku, kwa sababu mara ya kwanza sikuwaambia yote.

Nilikuwa nimepiga magoti. Kitambaa kinachuruzika, mkono mweupe wa chumvi. Huyu kijana amenipigia simu miezi mitatu. Anajua majina ya wajukuu zangu. Siku mama yangu mdogo alipofariki alinitumia pole. Akaulizwa mimi ni nani, na alikuwa na majibu mengi tu ya kutoa: mteja, mgeni, mama kutoka Leeds. Angeweza hata kunyamaza. Akachagua lile. Kisha, na hili sijamwambia mtu ila mzee wangu, akageuka akanirushia ufunguo. Akanirushia, hakunipa. Ukaanguka kwenye maji niliyomwaga. Akaniambia, sasa kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, akitabasamu ili wale wasishtuke: "Mama, usiniharibie. Ukimaliza funga." Akawachukua wageni wake akawapeleka kuona bahari. Yule mama wa Kizungu akaruka pale palipolowa, akanishukuru. Kwa usafi.

Nami, Mungu anisamehe, nikamalizia kufuta. Nikafunga mlango. Mtu wa miaka 58, nimefundisha wauguzi wangapi, nikafunga mlango kama nilivyoagizwa, nikashuka ngazi ghorofa tatu nikitafuta nitamwambia nini mume wangu.

Msije mkaniandikia kwamba kazi ya usafi si aibu. Nimepiga deki wodi za hospitali miaka minne kabla ya kuruhusiwa kusomea uuguzi, na waliokuwa wakinipita wakiruka maji yangu nawakumbuka sura zao mpaka leo. Kijana wenu hilo pia analijua. Nilimsimulia mwenyewe kwenye simu, tukicheka, siku aliponiuliza hela ya nyumba nimeipataje. Alijua pa kupiga.

Fleti mmeuza. Siku kumi baadaye nikapata ujumbe wa mstari mmoja kwamba mwenye nyumba "amepata ofa bora zaidi." Yangu ilikuwa 118,000. Ya hao walionunua 123,000, nimeambiwa na huyo huyo kijana, na sauti haikumtetemeka. Nilipoandika kudai, mkanijibu: "Tumelipokea suala lako na tunalifanyia kazi." Kazi gani? Ile ya kusubiri nichoke?

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai euro 3,000 zangu tu, tuachane kwa amani. Halafu nikakumbuka tiketi mbili, na hoteli usiku tatu, jumla euro 640, risiti nimeambatanisha. Halafu usiku nikaitoa tena ile karatasi niliyosaini nikaisoma taratibu. Imeandikwa arras, ndicho kishika uchumba cha Kihispania, tena imetaja kifungu cha 1454 cha Sheria ya Madai ya Hispania. Mmekiweka wenyewe, nadhani ili mimi nikighairi mbaki na hela yangu. Lakini kifungu hicho kina upande wa pili: muuzaji akighairi, anarudisha mara mbili. Aliyeghairi si mimi. Kwa hiyo ni euro 6,000, na 640 juu yake, ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Mkisema zile 3,000 za pili ni deni la mwenye nyumba na si lenu, malizaneni naye. Hela yangu iliingia kwenye akaunti yenu.

Nataka pia barua ya kuomba radhi. Si barua pepe. Karatasi yenye muhuri, imesainiwa na wewe meneja na kijana wako, iseme alichosema na iseme mimi nilikuwa nani. Nakala iende kwa wale mume na mke. Ndiyo, kwao. Nataka yule mama ajue alimshukuru nani.

Zikipita siku 14 kimya, sitaandika tena. Nitakuja Torrevieja, ofisini kwenu, niombe fomu ya malalamiko ambayo sheria ya huko inawataka muwe nayo, niijaze mbele ya wateja wenu bila haraka, niipeleke ofisi ya manispaa ya kuwatetea walaji. Nitauliza pia kama mmo kwenye daftari la mawakala wa nyumba la mkoa wa Valencia, na kama bima yenu iko hai. Wakili nimeshazungumza naye. Na vikundi vya Watanzania na Wakenya wa huku, ambako mlinipata mimi, nimo vyote. Mpaka sasa sijaandika neno humo.

Jambo moja la mwisho. Ule ufunguo, wenye utepe wa buluu, kijana wenu hakuukumbuka. Ninao. Siurudishi kwenu, nitaukabidhi kwa mwenye nyumba mkononi, na akiniuliza nimeupataje nitamweleza uliangukia wapi.

Nakala: mwenye nyumba, kupitia wakili.

Wenu,
Mteja aliyelipa tarehe 28 Agosti
(mnayemkumbuka kwa jina la "wa usafi")