Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar: mwani unahamia maji makubwa, na sisi wanawake je?

Mheshimiwa Waziri, assalaam alaykum.

Naandika mimi mkulima wa mwani wa huku kusini Unguja, na ingawa mkono ni wangu maneno si yangu peke yangu, haya ndo yanayosemwa kila bamvua, siku zile bahari inapwa mbali, tukikaa pale pwani kufunga mbegu, wengine hawana simu ya kuandikia, wengine wanaona haya kumwandikia waziri, basi nikasema mie naandika. Swali letu ni moja na nalitanguliza kabisa usije ukachoka kusoma kabla hujalifikia. Bahari imeshapata joto, wataalamu wanasema mwani wenye bei sasa ulimwe maji makubwa, yaani yenye kina. Sisi wanawake mmetupangia tuendeje huko?

Mheshimiwa historia unaijua lakini niikumbushe kidogo kwa ajili ya vijana watakaosoma. Mbegu zilitoka Ufilipino, mwaka 1989 mwani ukaanza kulimwa kibiashara huku kwetu Paje na Jambiani, kabla ya hapo mwanamke wa pwani hela yake ilikuwa ya makumbi, unafukia, unachimbua, unapiga, unasuka kamba, au uende pweza na chaza maji yakipwa. Mwanzo wanaume nao walikuwemo kwenye mwani, wakaona kazi nzito bei ndogo wakarudi kwenye uvuvi, wengine wakaenda mahotelini. Wanawake wakabaki. Na kwa kubaki kwao leo kuna nyumba za mawe hapa kijijini zimejengwa kwa mwani, kuna watoto wamemaliza skuli kwa mwani, kuna mama alonunua kitanda na kabati lake mwenyewe bila kumwomba mtu, na hilo la bila kumwomba mtu usilione dogo mheshimiwa, hapa pwani lilibadilisha mambo mengi ndani ya nyumba. Leo hii wakulima wa mwani Zanzibar ni zaidi ya watu 20,000 na karibu asilimia 80 ni wanawake, na kwa fedha za kigeni mwani unatajwa wa tatu baada ya utalii na karafuu. Sehemu kubwa inatoka Pemba, wenzetu wa kule wanajua zaidi hata kuliko sisi.

Sasa tatizo lenyewe. Mwani wetu ni wa aina mbili, kuna kotonii na kuna spinosum. Kotonii ndo wenye bei, kilo yake inafika mara mbili ya spinosum na wakati mwengine zaidi. Spinosum wenyewe unauzwa chini ya shilingi elfu moja kwa kilo mara nyingi, na hiyo ni kilo kavu, ambayo ili uipate unahitaji kilo saba nane za mbichi uzibebe kichwani zikivuja maji ya chumvi mpaka juu uzianike. Kotonii ulianza kufa huku kwetu miaka ya 2000 mwanzoni, ukaendelea kufa, mpaka vijiji vingi vikauacha kabisa. Wataalamu wameshaeleza na sisi tunaona kwa macho, mwani unapenda maji ya nyuzi 25 mpaka 30, yakizidi hapo unachoka, ukishachoka ndo vijidudu vya bakteria vinaushambulia, unaanza kuota weupe kwenye matawi, halafu unakatika wenyewe ukiushika. Sie tunasema umeungua. Na shamba letu liko maji ya magoti na kiuno, bamvua bahari inapwa saa nne saa tano asubuhi jua ndo linapanda, kaskazi ile ya Januari na Februari maji yaliyobaki kwenye vidimbwi huwezi kuweka mguu. Masika nayo ikishusha mvua kubwa kwa mkupuo maji ya bahari yanapungua chumvi, hapo tena mwani unalegea, na yale majani machafu kama manyoya yanaukamata mpaka huuoni. Kusi nalo upepo unakata kamba. Zamani tulijua msimu gani upande nini, sasa hata wazee waloanza tangu siku ya kwanza wanabahatisha.

Na mtu akisikia mwani umekufa anafikiri hasara ni mwani tu. Zao moja ni wiki sita. Wiki sita za kuamka alfajiri, kufunga mbegu, ndo vipande vya mwani, moja moja kwenye kamba kwa taitai, zile kamba ndogo za kufungia, kupiga vigingi, kukaa kwenye maji kwa muda wa saa nne mpaka tano mgongo umeinama na macho yanaumwa na mng'aro wa jua, halafu bamvua linalofuata unakuta kamba tupu. Kamba na taitai wengi wetu tumepewa na mnunuzi kwa hiyo lazima umuuzie yeye kwa bei yake, huna pa kukimbilia. Na ukirudi nyumbani hujapumzika, maji uchote, kuni utafute, mtoto mgonjwa umpeleke kituoni.

Dawa mheshimiwa inajulikana, na hapa ndo penye uchungu wangu. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja, kahangaika na jambo hili miaka mingi, alikaa na wakulima akawaonesha kwamba kotonii bado unaweza kuishi bahari yetu, ila uupeleke maji makubwa kidogo kwenye ubaridi na mkondo, uuweke kwenye neti ndefu za duara kama bomba ili usikatike ukachukuliwa na maji. Inafanya kazi. Mungu ampe kheri. Lakini neti zile huzifikii kwa miguu, unahitaji chombo, unahitaji mtu anojua kuendesha chombo, na unahitaji kujua kuogelea.

Sisi hatujui kuogelea. Nasema wazi maana watu wa mjini wanashangaa, mtu kazaliwa mita mia kutoka baharini kisha hajui kuogelea inakuwaje? Inakuwa hivi, mtoto wa kiume toka mdogo yumo majini na wenzake anaruka kwenye ngalawa, mtoto wa kike akifika umri anaitwa nyumbani, hakuna aliyemfundisha, na hata angetaka ataogelea wapi, mbele ya nani, na nguo gani? Tunaingia baharini na kanga na gauni, vikirowa vinakuvuta chini. Kuna wenzetu maji yamewajalia ghafla wakiwa mbali na wakanusurika kwa kushikana mikono. Ukimwambia mama kama huyo apande boti akalime maji ya kumzidi urefu unamwambia achague kati ya njaa na kuzama.

Serikali iligawa boti kwa wakulima wa mwani, tunashukuru kwa dhati, si jambo dogo. Lakini naomba utume mtu wako asiyejulikana aje aangalie boti hizi zinaendaje. Nimeona mwenyewe kikundi cha akinamama boti yao, lakini hakuna hata mmoja anayejua kuwasha mashine, kwa hiyo wamemtafuta kijana awe nahodha, kijana anataka mafuta na anataka sehemu yake, siku akipata safari ya kwenda kuvua anaondoka nayo na akinamama wanabaki juu wanasubiri na bamvua linapita. Mwisho wa hesabu wanakaa na spinosum yao ileile maji ya magoti. Kijana simlaumu sana, naye ana njaa yake na samaki nao wamepungua. Ila kwenye karatasi za wizara kile kikundi kinahesabiwa kuwa kina boti.

Hiki ndicho kinachonitisha, na nakiandika kwa herufi ambazo moyo wangu unazitaka. Kotonii ukirudi ukalimwa maji makubwa, hela itarudi, na hela ikirudi wanaume nao watarudi kwenye mwani, maana wao boti wanazo na kuogelea wanajua. Kazi tulioishika miaka yote ile ya bei mbaya itatutoka mkononi kimyakimya bila ya mtu yeyote kutufukuza. Mtasema tumekabiliana na tabianchi, tani zitapanda, ripoti itapendeza, na yule mama alokuwa na hela yake mwenyewe atakuwa anaomba tena. Wanaume ni waume zetu na watoto wetu, hatuwachukii, bahari ni pana na tunaweza kulima pamoja. Lakini anzeni na sisi.

Kwa hiyo mheshimiwa kabla ya neti nyengine na boti nyengine, walimu wa kuogelea wawepo, na wawe wanawake, na pawepo sehemu ya staha si mbele ya watalii wenye simu, na mavazi ya kuogelea yenye kusitiri, mbona yapo siku hizi. Wapo wasichana wetu wachache wanojua kuogelea, wapeni ajira wafundishe mama zao na shangazi zao. Maboya ya kuvaa yawe ya kutosha kila boti. Halafu kila kikundi kipate akinamama wawili watatu wafundishwe unahodha na ufundi wa mashine mpaka wazijue, si siku moja ya semina na picha ya pamoja. Sisi tumeshakwenda semina nyingi, tumefundishwa maana ya mabadiliko ya tabianchi na watu ambao tungewafundisha sisi. Karatasi za boti zisomeke jina la kikundi na iandikwe kabisa haiendi kuvua.

Jengine ni mbegu. Kotonii ukifa unakufa na mbegu yake, tunaanza kutafuta mbegu kijiji kwa kijiji. Tunataka vitalu vya mbegu kwenye maji yenye ubaridi Unguja na Pemba, vinavyosimamiwa na wakulima wenyewe, ili kaskazi ikiunguza shamba mtu awe na pa kuanzia.

Na mtusikilize kwenye maamuzi. Kwenye kamati za wavuvi za shehia wanawake ni wa kuhesabu, wakati sisi ndo tuko ndani ya maji yale kila bamvua, tunajua wapi mchanga umehama, wapi nyasi za bahari zimekufa, mwezi gani maji yalianza kuwasha ngozi. Mpeni kila kiongozi wa kikundi kipimajoto na daftari, muone kama hamtapata taarifa nzuri kuliko mnazonunua. Wanawake hawajakaa wakingoja kuokolewa. Kisiwa Panza kule Pemba bahari inakula ardhi na watu wanapanda mikoko kwa mikono, mabonde ya mpunga yameingia maji ya chumvi na wanaohangaika kuyaziba wengi ni akinamama. Jambiani wapo wanaolima sponji baharini. Sabuni za mwani tunatengeneza, mafuta tunatengeneza. Mazuri yote hayo, ila naomba msituambie sabuni ndo jawabu, soko la sabuni ni la mtalii na vikundi ni vingi, kinacholisha nyumba nyingi ni kilo za mwani kavu kwenye mzani, na mzani huo nao mje mukaukague.

Sera ya Uchumi wa Buluu ya 2020 mwani umo, tumeambiwa. Tunataka tuione ikishuka mpaka huku chini kwenye kigingi na kamba.

Kaskazi inakuja na joto lake. Tunaomba utujibu kabla haijaingia, na kama unaweza kuja, njoo siku ya bamvua asubuhi, usije saa za mkutano, maana maji yakishajaa hutatukuta pwani na shamba hutaliona.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa mwani, Kusini Unguja, kwa niaba ya wenzangu