Bundi, dubu na mto Saru

Sapporo, Novemba

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Barua yako imefika, na nimecheka uliponiuliza kama ni kweli Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa hiki cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, wanaabudu dubu. Sivyo hasa. Dubu kwao ni mgeni. Wanasema kamuy, yaani roho, wana makao yao wenyewe, na wakitaka kututembelea huja wamevaa: huyu manyoya ya dubu, yule magamba ya samoni. Nyama na ngozi ndiyo zawadi ya mgeni. Mwenyeji naye humsindikiza kwao kwa sala, pombe, na inau, vijiti vilivyochongwa hadi nyuzi zake zikajikunja. Akiagwa vizuri atarudi. Na sala huanzia jikoni, kwa bibi wa moto, Kamuy Fuchi, maana yeye ndiye mpeleka maneno.

Ila bundi, shoga! Kwetu akilia juu ya paa hakuna anayelala. Kwa hawa, bundi yule mkubwa mla samaki ndiye mlinzi wa kijiji. Marehemu bibi angeniambia nifungashe virago siku hiyo hiyo.

Nilichotaka kukusimulia hasa ni habari ya Nibutani, kijiji cha Waainu kando ya mto Saru. Serikali ilitaka kujenga bwawa pale, na wazee wawili, Kayano Shigeru na Kaizawa Tadashi, wakagoma kutoa ardhi yao. Kaizawa alifariki 1992, mwanawe Koichi akashika nafasi yake, na shauri likafika mahakamani. Tarehe 27 Machi 1997 mahakama ya Sapporo ikatamka kwamba Waainu ni wenyeji wa asili na kwamba ardhi ile ilichukuliwa kinyume cha sheria. Lakini bwawa lilikuwa limekwisha jengwa, basi likaachwa libaki palepale. Nilisonya! Umeshinda kesi, na huku maji yamefunika pale ulipokuwa ukishushia mitumbwi mipya kwa tambiko la Chip-sanke. Msikiti ukibomolewa, tutajenga mwingine mtaa wa pili. Mto utauhamishia wapi?

Usidhani ni mambo ya kale. Mwaka 2020 serikali ilifungua Upopoy, makumbusho makubwa ya utamaduni wao, mjini Shiraoi. Mwaka huo huo Waainu wa Urahoro walikwenda mahakamani kudai haki ya kuvua samoni kwenye mto wao, haki waliyonyang'anywa tangu enzi za mfalme Meiji, karne ya kumi na tisa. Aprili 2024 mahakama ikalitupa dai lao. Ngoma zao zinapigiwa makofi, lakini samaki mpaka kibali. Mimi hilo halinishuki kooni.

Wewe uliyesomea sheria nieleze: hukumu ya namna ile ya Nibutani, ya kusema "mmeonewa, lakini basi", na kwetu ipo?

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Mwanaidi