Pampu ya mashindano inaweza kutembea barabarani, lakini jeti yake haisomwi kama ya kabureta

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu ndugu aliyeandika wiki mbili zilizopita, akiwashauri vijana wenye gari kongwe zilizotiwa injini kubwa wazing'oe pampu za kimakanika za kupulizia petroli na kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa hoja kwamba vifaa hivyo ni vya mashindano na haviwezi kutumika katika barabara zetu. Nimefanya kazi ya ufundi wa magari hapa Unguja kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwamba vilitengenezwa kwa mashindano, sina ubishi. Kwamba haviwezi kutumika barabarani, hilo silikubali, kwa sababu nimekwisha kuona mtambo kama huo ukilaumiwa kwa kosa la aliyeufunga.

Mtambo unaozungumzwa sana na vijana ni ule alioutengeneza Mmarekani Stuart Hilborn katika miaka ya 1940. Mwaka 1948 gari yake mwenyewe ilivuka mwendo wa maili 150 kwa saa juu ya ziwa lililokauka, na mwaka 1952 Troy Ruttman alishinda mbio za Indianapolis kwa gari yenye mtambo huo. Hauna kompyuta wala waya wa umeme. Pampu inazungushwa na injini yenyewe, na kadiri injini inavyokwenda mbio ndivyo inavyosukuma petroli nyingi zaidi. Petroli inayotakiwa hupita kwenye nozeli, yaani midomo ya kupulizia, mmoja kwa kila silinda, na iliyozidi hurudi tangini kupitia jeti, kipande chenye tundu la kupimia petroli, kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Ila pampu hiyo inajua mizunguko tu, haijui injini imebeba mzigo gani. Mshindani hilo halimsumbui, kwa kuwa yeye hukanyaga pedali mpaka chini na kuiacha hapo. Lakini anayetoka Mwera kwenda Darajani hukanyaga robo ya pedali karibu njia nzima, na akifika Michenzani hukaa sailensa, injini ikizunguka bila ya gari kwenda, akisubiri foleni, na hapo ndipo petroli inapomiminwa bila ya kuhitajika.

Mpwa wangu alichukua bodi ya Ford ya miaka ya 1950 iliyokuwa imelala chini ya mwembe, akaifunga injini ya V8, na jamaa yetu aliyeko Muscat akamletea mtambo huo ukiwa umekwisha kutumika. Gari ilipowaka ilitoa moshi mweusi. Akaipeleka gereji moja mjini, na fundi, ambaye ni hodari wa kabureta, kile kifaa cha kawaida cha kuchanganya petroli na hewa, akafanya kile ambacho kabureta ilimfundisha: moshi mweusi ni petroli kuzidi, basi punguza jeti. Akatia jeti ndogo zaidi. Moshi ukazidi kuwa mweusi, na baada ya siku kumi mpwa wangu akanipigia simu akiwa Tunguu, akaniambia, "Mjomba, oili imepanda badala ya kushuka." Nilipofika nikachomoa stiki. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole, nyepesi kama chai ya rangi, na nilipoisugua baina ya vidole ilinuka petroli tupu. Petroli ilikuwa imeosha kuta za silinda, ikapita kwenye ringi na kuteremka chini. Angeendelea wiki moja zaidi beringi zingekwisha.

Naomba mafundi wenzangu wanisikilize hapa, maana makosa mengi ya mtambo huu yanaanzia hapa. Jeti ya kabureta ndiyo inayopeleka petroli kwenye injini, kwa hivyo ukiikuza injini inapata petroli zaidi. Jeti kuu ya mtambo huu inairudisha petroli tangini. Ukiikuza, petroli nyingi inarudi na injini inapata kidogo. Ukiipunguza, njia ya kurudi inabana na petroli nyingi zaidi inaelekea kwenye nozeli. Ni kinyume kabisa, na fundi asiyeambiwa hana namna ya kulijua kwa kuitazama tu.

Hata hivyo kukuza jeti hiyo peke yake si dawa ya gari ya barabarani. Ukiikuza mpaka moshi ukatike kwenye robo ya pedali, siku utakayokanyaga mpaka chini injini itakaukiwa na pistoni itaungua. Kazi ya pedali nusu iachiwe vali ya kugeuka iliyounganishwa na kanyagio, pamoja na njia ya pili ya kurudishia petroli, yenye springi na jeti yake ndogo. Mimi nilianza na jeti kuu kwa pedali kamili, nikasoma rangi ya plagi, kisha nikarudi kwenye njia ya pili na kijiti cha vali ile, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kwa Ijumaa tatu mfululizo katika barabara ya Mwera. Plagi zilizokuwa nyeusi kama masizi ya jiko la kuni zikawa za rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mnunuzi wa mtambo uliotumika lazima ayaulize. Kwanza, ulikuwa unatumia nini? Wengi wa washindani hutumia methanoli, ambayo ni aina ya spiriti, na injini huhitaji methanoli zaidi ya mara mbili ya petroli, kwa hivyo nozeli za methanoli zikiachwa zilivyo zitaizamisha injini ya petroli. Pili, tangi liko wapi? Pampu hizi hazipendi kuvuta petroli kutoka chini na mbali, nazo gari nyingi za barabarani tangi lao liko nyuma, kwa hivyo pawepo pampu ndogo ya umeme ya kuzilisha, na pawepo koki ya kufunga petroli gari inapozimwa. Chujio la hewa silitaji kama jambo la kubishaniwa, kwa mchanga wetu huu.

Ndugu yetu aliandika kana kwamba upuliziaji wa kimakanika haujapata kutembea katika njia za Afrika Mashariki. Wazee wanaikumbuka Peugeot 404 ya injeksheni, ambayo Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, alishinda nayo mbio za Safari mwaka 1966 na tena 1967, katika tope na vumbi. Nakiri kwamba pampu yake, ya kampuni ya Kugelfischer, ni ya akili zaidi, kwani ina kemu, yaani chuma cha kuongozea kipimo cha petroli, iliyochongwa kufuata mizunguko na pedali kwa pamoja. Lakini ni ya kimakanika vilevile, na ilikuwa ikiuzwa dukani kwa watu wa kawaida. Hata Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilikuwa na pampu ya kimakanika iliyochanganya petroli na oili baada ya kuzimwa, na wenyewe hawakuitupa. Waliibadilisha oili mapema.

Mpwa wangu sasa anabadilisha oili kila kilomita 1,500 na kuichungulia stiki kila asubuhi kabla ya kupiga stata. Ningependa vyuo vyetu vya amali viwape wanafunzi japo siku moja ya kuifungua pampu ya namna hii juu ya meza. Na kwa ndugu aliyeandika, kama mtambo wake bado hajauuza, namkaribisha Mwera Ijumaa yoyote baada ya sala. Aje nao, na aje na jeti zake zote, hata zile alizozitoa.

Wako,
Fundi mstaafu wa magari,
Mwera, Unguja