Roketi ikigeuka angani, usilaumu pampu

Jumamosi iliyopita alikuja dukani baba mmoja kutoka Tabata na mwanawe wa darasa la sita, roketi yetu ya maji wameibeba ndani ya kikapu cha sokoni. "Pampu mliyotuuzia mbovu," akaanza, hata salamu hatujazimaliza. Kwa maelezo yake, roketi inatoka vizuri, inafika usawa wa kilele cha mnazi, kisha inalala ubavu, inabingirika na kushuka kama chupa iliyotupwa dirishani. Kijana yeye alikuwa kimya tu, anaangalia sakafu. Tukaipima pampu mbele yao, inajaza upepo bila tatizo. Nikaichukua roketi ikiwa tupu, nikailaza ubavu juu ya kidole changu katikati ya chupa. Ikadondokea nyuma.

Basi ugonjwa ni huo: uzito uko nyuma. Tangu tuanze kuuza seti hizi hapa Sinza, malalamiko mengi yanayotufikia ni hili hili kwa sura tofauti: "inapinda", "haina nguvu", "inazunguka". Wengine wanaongeza upepo wakidhani nguvu ndiyo pungufu. Roketi ambayo uzito wake uko nyuma ukiiongezea upepo, itageuka mapema zaidi na kwa fujo zaidi.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: ni roketi ya maji. Chupa unaleta mwenyewe, ile kubwa ya soda. Sisi tunakupa mapezi manne, pua, dongo la kuchezea watoto, kizibo chenye valvu ya baiskeli, stendi ya kurushia na mpira wa mita tano wa kuunganisha na pampu. Unatia maji theluthi ya chupa, unaigeuza mdomo chini kwenye stendi, unajaza upepo, unavuta kamba. Upepo uliobanwa unayasukuma maji nje kwa chini, na chupa inakwenda juu. Watoto huuliza kwa nini maji, si upepo mtupu. Jaribu zote mbili siku hiyo hiyo, hutahitaji maelezo: ya upepo mtupu inaruka kidogo tu na kuanguka. Upepo ni mwepesi, kuutupa nyuma hakukupi msukumo wa maana. Maji ni mazito.

Lakini maji yenyewe yanaisha kabla hujapepesa jicho mara mbili. Sehemu kubwa ya safari roketi inakwenda tupu, kwa mbio iliyokwisha kuipata. Ndiyo maana tunasema ipime ikiwa tupu.

Vipimo ni viwili. Cha kwanza, funga uzi kiunoni mwa roketi na uusogeze mpaka ining'inie sawa, isiinamie mbele wala nyuma. Hapo ndipo uzito wake ulipo, weka alama kwa kalamu. Cha pili kinahitaji boksi la sabuni na mkasi. Ilaze roketi juu ya boksi, chora umbo lake lote pamoja na mapezi, kata, kisha lisawazishe lile umbo juu ya ukingo wa rula. Linaposimama, weka alama nyingine. Hiyo inakuonyesha kwa makadirio mahali ambapo upepo unaishika roketi inapolala ubavu. Alama ya uzito inatakiwa iwe mbele, upande wa pua, kuipita ya boksi kwa angalau upana wa chupa, yaani sentimita tisa hivi. Ya yule baba alama zilikuwa karibu kukutana. Upepo ulikuwa hauna la kushika nyuma, na pua haina la kuivuta mbele.

Kuhakikisha, tulitoka nje ya duka, nikafunga kamba ya mita mbili pale penye alama ya uzito na kuizungusha roketi juu ya kichwa kama mtu anayewinga ndege shambani. Ikawa inakwenda ubavu ubavu, mara mkia mbele. Tukakandika dongo ndani ya pua, kiasi cha ndimu ndogo. Nikaizungusha tena. Safari hii pua ikatangulia yenyewe, mapezi yakafuata, na yule kijana akaomba kamba ajaribu mwenyewe. Pampu hatukuigusa.

Kwa hiyo anza na dongo. Watu wanakimbilia kukata mapezi makubwa, na kweli yanasaidia, ila yakizidi yana kero yake: upepo ukivuma, roketi inageuza pua kuelekea unakotoka, kama ngalawa iliyotia nanga. Badala ya kwenda juu inakwenda baharini. Msimu wa kusi tumeshapoteza mbili hivyo, zetu wenyewe, si za wateja. Siku hizi tunarusha saa moja asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka. Ikifika saa sita mchana tunafungasha.

Na tafadhali, dongo liwe dongo. Mteja wetu mmoja, fundi wa magari, aliona dongo ni mchezo wa watoto, akaweka nati ya gurudumu. Roketi ilikwenda wima kama sindano, sikatai. Iliporudi iliacha bonde kwenye bati la banda la kuku la jirani. Sasa weka kichwa cha mtoto mahali pa lile bati. Nati, sarafu, misumari, mawe, hakuna kinachoingia ndani ya pua ya roketi iliyotoka kwetu.

Kuhusu mapezi lazima tukiri kosa. Seti za mwanzo zilikuwa na mapezi ya boksi gumu. Dukani yalipendeza. Uwanjani, mruko wa kwanza safi, wa pili sawa, wa tatu yameshalowa na kulegea kama chapati ya jana, na pezi lililolegea upande mmoja linaizungusha roketi nzima. Sasa tunakata plastiki ya majalada ya faili. Kuyabandika tumia gundi ya viatu, ile ya mafundi, paka pande zote mbili, subiri ikauke kidogo ndipo ubandike, kisha pitisha selotepu pana. Gundi ya moto ya kuyeyusha inalainisha chupa pale inapogusa, na supagluu inaifanya plastiki iwe kavu na rahisi kupasuka. Chupa iliyodhoofishwa hivyo haifai kutiwa upepo kabisa.

Hapo kwenye chupa sina mzaha. Iwe ya soda, kwa sababu imetengenezwa kubeba gesi. Ya maji ya kunywa ni nyembamba, ya juisi vilevile haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ikiwa na mkunjo mweupe, mkwaruzo mrefu, au ilisahaulika ndani ya gari juani, itupe, chupa nyingine utaipata. Kwenye geji ya pampu tunaishia PSI 50, kipimo kile kile cha matairi, tairi la gari dogo likiwa 30 na kitu. Mwenye pampu isiyo na geji asirushe. Kila mtu akae umbali wa mpira wote, mita tano, na kamba ivutwe kutoka huko huko. Ikigoma kutoka, usiisogelee kuichungulia. Fungulia upepo kwenye pampu, sikiliza mpaka sauti ikate, ndipo uende.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali zuri: mbona roketi kubwa za siku hizi nyingi hazina mapezi chini? Kwa sababu zina usukani. Bomba la injini linainamishwa kidogo huku na huku, kompyuta ikirekebisha muda wote, kama unavyosimamisha ufagio kiganjani kwa kuuhamisha mkono. Yetu haina mkono chini yake, inategemea dongo na mapezi. Hata roketi ya Scout ya Marekani, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilikuwa na mapezi chini, pamoja na usukani wake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, Scout ilibeba kutoka pale setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru. Stika ya UHURU mnayoiona kwenye pua za roketi zetu imetoka huko. Wapo waliotuuliza kama ni ya chama. Hapana.

Swali la mwisho, maana linakuja kila wiki: za baruti mnazo? Hatuna na hatuagizi. Ndugu walioko Marekani huwaletea watu seti za boksi na mbao laini ya balsa, injini zikabaki huko kwa kuwa ni baruti na haziruhusiwi kwenye begi la ndege. Leta, tutakusaidia kuunganisha na kupima uzito kama tulivyoeleza hapo juu, halafu ikae juu ya kabati ipendeze. Baruti ina sheria yake nchini, nasi ni duka la vifaa vya kujifunzia.

Jumamosi asubuhi, kama hakuna mvua, tunakuwa uwanja wa Tanganyika Packers, Kawe. Upande wa Kipawa na Kiwalani hatuendi, ndege zinapita chini mno. Kupima uzito na kuongeza dongo ni bure, hata kama roketi uliinunua mwaka jana. Mapezi mapya ya plastiki ni shilingi 2,000 kwa seti, isipokuwa kwa wenye yale ya boksi: njooni nayo hata kama yameshalowa, tunabadilisha bila malipo.