Dawa mbili za kifafa mmezilinganisha, ila mmesahau mimba

Mhariri salaam,

Nimesoma makala yenu ya dawa za kifafa, ile ya valproeti na lamotrijini, nimeirudia mara mbili maana zote zimepita nyumbani kwangu. Mmeandika vizuri ila mmezishindanisha kama Simba na Yanga, ipi inazuia dege zaidi, mkaipa valproeti ushindi basi mkafunga.

Hapo siwabishii. Binti yangu alianza akiwa na miaka 13, asubuhi mikono inashtuka kikombe cha chai kinaruka, mi namgombeza we mtoto mzembe kweli, kumbe ndo ugonjwa unaanza hivo, mpaka siku aliyoanguka uani akakakamaa povu linamtoka. Katikati hapo kuna mambo ya waganga, hayo nayaacha. Hospitali wakamwandikia valproeti, wengi tunaijua kama Epilim, na kwakweli ilifanya kazi, mishtuko ikaisha, kuanguka kukaisha, akamaliza fomu foo yake. Alinenepa, na akifumua nywele zinabaki kwenye kitana, tukasema afadhali hayo kuliko kuangukia jiko la mkaa.

Miaka 8 Mhariri. Kila mwezi kliniki, pima uzito, chukua dawa, haya mama mtarudi tarehe fulani. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza binti kama ana mpango wa kuzaa. Tumekuja kuambiwa na nesi wa sehemu nyingine kabisa, tulienda kwa ajili ya malaria tu, akaona kwenye daftari anatumia nini akamwangalia na pete ya uchumba kidoleni akasema mama kaeni hapo kwanza.

Ndo nikajua kwamba katika watoto 10 ambao mama zao walimeza valproeti wakiwa wajawazito, kama mmoja hivi anazaliwa na kasoro, mgongo wazi, mdomo sungura, au moyo, na watatu mpaka wanne wanachelewa, kuongea shida, kujifunza shida, wengine usonji. Na ule uti wa mgongo unajifunga ndani ya wiki 4 za kwanza, yani msichana hata hajashtuka kwamba amekosa siku zake. Kwa hiyo kusema akishika mimba ndo tutabadilisha, mtakuwa mmeshachelewa. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko 2023 kwamba wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasiandikiwe hii dawa, Uingereza tangu 2018 hawapewi bila mpango maalumu wa kuzuia mimba. Sisi tulikuwa tunapewa kwenye kibahasha cha khaki kimeandikwa 1x2.

Lamotrijini upande huo wa mimba iko salama zaidi sana, hatari yake inakaribia ya mwanamke asiyetumia dawa yoyote ya kifafa. Lakini msije mkaandika sasa kwamba hii ndo dawa ya malaika. Inapandishwa polepole mno, na kwa kuwa valproeti inaifanya ikae mwilini muda mrefu, binti alipohamishiwa huku bado anameza ile ya kwanza alianza na miligramu 25 siku moja ndiyo siku moja hapana, wiki mbili nzima, maana ukiiharakisha kuna upele unaweza kuchubua ngozi mpaka ulazwe, ukiona kipele chochote unarudi hospitali sikuhiyohiyo. Ukiikosa siku kadhaa mfululizo unaweza kurudishwa mwanzo kabisa. Vidonge vya majira navyo vinaishusha nguvu kwenye damu, vile vyenye estrojeni, ikabidi aweke kijiti. Na mishtuko ya asubuhi ilirudi kidogo, mara moja alianguka sokoni wakati tunabadilisha, nilitamani nimrudishie ile ya zamani kwa siri, nasema ukweli. Sasa hivi ametulia ila kikombe bado anashika kwa mikono miwili. Na dawa yenyewe zahanati ya kwetu haina, naagiza mjini.

Kuna dada atasoma hii akaenda kutupa Epilim yake chooni leo. Usifanye hivo jamani, ukikatisha ghafla dege linaweza kuja mfululizo na likaua, nenda kwa aliyekuandikia muulize hili swali la mimba hata kama hujaolewa, na hata kama amekununia, na kama valproeti ndo pekee inayokushika basi tumia uzazi wa mpango, na aliyekuandikia awe anajua.

Mwandishi wenu alitumia ukurasa mzima na jedwali la rangi lenye usingizi, unene, kutetemeka, bei. Mimba haikupata hata mstari. Mkirudia naomba iwe ya kwanza kwenye jedwali, na mkiweza ongeeni na wale wanaotoa dawa dirishani, maana sisi wengi daktari tunamuona mara moja kwa mwaka ila dirishani tupo kila mwezi.

Mama wa binti,
Morogoro