Wazazi wa Mombasa, sherehe ya mtoto isituingize kwenye madeni

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wazazi wenzangu kuhusu sherehe za siku ya kuzaliwa. Mimi ni fundi wa kushona hapa Majengo. Cherehani yangu iko barazani, na fundi akaaye barazani husikia mengi. Siku hizi nawasikia kina mama wakiulizana watakopa wapi ili mtoto apambiwe ukumbi, aletewe keki yenye picha ya katuni na jumba la mpira la kurukia. Mpambaji mmoja alimtajia jirani yangu shilingi 18,000, na hapo keki bado. Jirani huyo anauza samaki wa kukaanga. Alichukua mkopo wa simu akalipa, na mpaka leo kila jioni anakatwa.

Wapo miongoni mwetu wasiosherehekea siku ya kuzaliwa kwa sababu ya dini, nami nauheshimu msimamo wao. Nasema na sisi tunaosherehekea.

Gharama huanzia kwenye mada. Ukichagua katuni ya ng'ambo, kila kitu lazima kinunuliwe, kwani nyumbani kwako hakuna hata kimoja kinachohusiana nayo: sahani zenye picha ile, vikombe, kofia, bango, mpaka mishumaa. Ukichagua kitu ambacho mtoto anakiona kwa macho yake hapa Mombasa, vifaa vingi viko uani tayari, na vilivyobaki viko kwa jirani.

Binti yangu alipokaribia kutimiza miaka 7 nilimwuliza anapenda nini, akasema jahazi. Tukienda Mji wa Kale kwa shangazi yake, haondoki Bandari ya Kale mpaka ayatazame yote yaliyotia nanga. Basi tukafanya sherehe ya jahazi.

Katoni ya friji tuliipata bure kwa mwenye duka. Kaka yangu aliikata ubavuni, akaichonga omo mbele na shetri nyuma, akaiimarisha kwa vijiti vya mwanzi ili watoto wakiingia isifumuke. Mlingoti ulikuwa mwanzi mrefu, foromali, ule mti wa kufungia tanga, mwanzi mwembamba, na tanga nilishona kwa viroba vya unga vilivyofuliwa. Tanga la jahazi lina pembe zake, ukilikata mraba watoto wa Pwani watakwambia hapo hapo kwamba si lenyewe. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Shemeji alileta jarife kuukuu, wavu wa kuvulia samaki, kutoka Likoni, tukalitandaza ukutani. Vibendera vya kuzunguka ua vilitoka kwenye mabaki ya leso, na kila fundi anajua mabaki hayo yalivyo mengi chini ya cherehani.

Ubavu wa jahazi binti yangu aliupamba mwenyewe kwa vipande vya kandambili zilizokatika. Alikuwa amesimuliwa habari za Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki na kufunikwa vipande vya kandambili kama 30,000, likazinduliwa mwaka 2018 na mapema 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mtoto aliposikia kwamba chombo kama hicho kilivuka bahari kweli, alipita nyumba kwa nyumba akiomba kandambili mbovu. Hiyo peke yake ilikuwa sherehe kabla ya sherehe. Wiki mbili nzima watoto wa mtaa wetu walishinda uani wakikata na kubandika, na sidhani mpambaji wa kukodiwa angewapa furaha hiyo, maana yeye huja asubuhi akapamba, usiku akafungasha vyake.

Mialiko ilikuwa samaki wa katoni. Kila mgeni aliandikiwa jina la samaki, na siku hiyo aliitwa kwa jina hilo: changu, tafi, kolekole, nguru, pweza. Mmoja alikuwa kasa, na hakukubali kubadilishana na mtu. Kwa ajili ya kasa huyo, nawaomba wenye kufanya sherehe ufukweni waache maputo. Yakipasuka au yakipeperuka huishia baharini, na kasa huyala akidhani ni kiwavuwavu.

Wakati nao una hesabu yake. Ukialika watu saa saba mchana, itakubidi upike pilau. Mimi niliwaita baada ya alasiri na kuwaaga kabla ya magharibi, kwa hiyo vitafunio vilitosha: viazi karai, kachiri za muhogo, juisi ya ukwaju, na mabuyu yaliyofungwa kwenye vifuko vya karatasi ili kila mtoto aende na chake. Keki ilikuwa mkate wa mayai. Hauhitaji siagi wala oveni. Ni mayai, sukari, unga na iliki, na siri yake ni kuyapiga mayai na sukari mpaka yaumuke na kuwa meupe, kisha unga unachanganywa kwa mkono mwepesi. Unapalia makaa juu ya kifuniko na mengine chini ya sufuria, moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Ulipopoa niliukata umbo la jahazi, nikauweka kwenye sinia na kuuzungushia nazi iliyokunwa na kutiwa rangi ya buluu.

Michezo ilikuwa miwili tu. Wa kwanza, uvuvi: samaki wa katoni wenye vibanio vya chuma mdomoni, ndani ya karai, na ndoana ni sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu ikafungwa kwa uzi. Wa pili, kutafuta hazina kwa vitendawili. Nilitega "kuku wangu ametagia miibani", wakakimbilia nanasi mezani, na chini yake palikuwa na karatasi nyingine: "Mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni." Ilibidi wachunguze vikombe vyote kabatini. Watoto ambao darasani hawafungui kinywa ndio waliokuwa wakifumbua wa kwanza, kwa sababu wanalala chumba kimoja na bibi zao wanaowategea vitendawili.

Mzee mmoja wa mtaani aliyewahi kuwa baharia tulimkalisha ndani ya jahazi kwenye kiti. Aliwaeleza watoto jinsi kaskazi ilivyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na kusi ikayarudisha, na kwa nini nahodha aliyechelewa kuondoka alilazimika kungoja miezi. Kisha akawafundisha kufunga fundo. Hakuna aliyemlipa mzee huyu, na yeye ndiye watoto waliyemzunguka muda mrefu kuliko wote.

Matumizi nitayataja, kwa kuwa watu huniuliza. Mayai, unga, sukari na iliki 900. Viazi, muhogo, ukwaju na nazi 1,100. Mabuyu 300, karatasi za manila na rangi 400, makaa 200. Jumla shilingi 2,900, watoto kumi na wanne wakala wakashiba.

Naambiwa mtoto atachekwa shuleni akisimulia sherehe ya maboksi. Walioalikwa kwetu wamekwenda kuwasumbua mama zao wapate na wao. Mmoja anataka matatu, awe kondakta na michoro aichore mwenyewe. Mwingine anataka kasri, nami nimemwambia mama yake asitafute mbali: Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na kuta zake zinajengeka kwa katoni za sabuni. Ampeleke mtoto akaitazame nje, achore minara, warudi wajenge.

Kwa walimu nina ombi moja. Mtoto akileta keki kubwa darasani, tafadhali msimpe hadhi ambayo aliyeleta visheti hapewi. Kina mama wengi wanaokopa hawakopi kwa ajili ya mtoto wao, wanakopa kwa kuogopa siku hiyo ya darasani.

Na kwako Mhariri: likizo ya Agosti inakuja. Katika ukurasa wa watoto, chapisha mchoro wa jahazi wa ukurasa mzima, wenye mlingoti, foromali, omo na shetri vikiandikwa majina, ambao mtoto anaweza kuukata na kuubandika kwenye katoni. Vipimo vya tanga ninavyo, na niko tayari kuvileta ofisini kwenu hapa Mombasa.

Fundi wa kushona,
Majengo, Mombasa